Neno "tayari" lilivyonilia ukuta mzima

Jumatatu moja mwezi wa pili 2023 nafika saiti Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye nyumba ya zamani ninayosimamia ukarabati wake, saa mbili kasorobo asubuhi, nusu mkate wa mofa bado mkononi, nasikia nyundo. Nyundo na patasi. Nikajisemea labda wanahangaika na madirisha, maana kwenye ratiba yangu wiki ile ilikuwa ya madirisha, chumba cha mbele kishakwisha, tena kishapigwa lipu ya chokaa tabaka la pili Alhamisi na fundi kaning'iniza magunia mabichi ukutani ili isikauke kwa pupa. Napanda ngazi, naingia, namkuta fundi umeme kayavua magunia kayatupa pembeni, anachimba mfereji kwenye lipu ile ile, kutoka juu mpaka usawa wa swichi, mstari umenyooka kama kapigia rula. Kazi safi wallahi. Fundi lipu kakaa juu ya ndoo aliyoipindua, hasemi kitu, anaangalia tu.

Nikamuuliza fundi umeme vipi tena, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, si uliniuliza Jumatano nikakwambia tayari?"

Na kweli kaniambia. Nilimpigia Jumatano nikamuuliza umeme wa chumba cha mbele vipi, akasema tayari, nikamgeukia fundi lipu, mzee wa makamo ya baba yangu, nikamwambia mzee piga, umeme tayari. Sasa kwa fundi umeme tayari ilikuwa nyaya zishanunuliwa, mapaipu yashakatwa, yeye yupo anasubiri kuitwa tu. Kwa fundi lipu tayari ni mtu keshamaliza, keshafagia, keshaondoka. Kwangu mie tayari ilikuwa kile kisanduku cha eksel nakipaka kijani. Watu watatu neno moja, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo.

Nakumbuka hichi kisa kwa sababu mdogo wangu kapewa kusimamia mradi wa mabomba ya maji kule Pemba, kaniandikia wiki iliyopita, "dada nipe mbili tatu za kuongoza timu", nikaanza kumjibu kwa sauti za WhatsApp nikaona zimefika dakika kumi na nne, nikasema bora nikae niandike na wengine wasome. Mie sina nadharia kubwa. Nna nyumba moja iliyonitoa jasho miezi kumi na sita, na haijesha mpaka leo.

Kwa wasiozijua nyumba zetu za Mji Mkongwe: kuta ni mawe ya matumbawe yamejengwa kwa chokaa na udongo, nene unaweza kulala dirishani, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti hazina urefu mkubwa, ndo maana vyumba vya kizamani ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita tatu hivi, chumba kilimfuata mti. Ukuta ule unanyonya maji na kuyatoa, unapumua. Miaka ya nyuma mtu kaja kaupiga saruji ili upendeze, unyevu ukanasa ndani, chumvi ikala mawe, ukigonga unasikia tupu. Kazi yetu ilikuwa kuitoa saruji yote, kubadilisha boriti zilizooza, kurudisha chokaa, kuingiza umeme na maji upya, na yote kwa kufuata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana mji huu upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na huwezi kujiamulia dirisha. Wenye nyumba ni warithi kumi na moja, wengine wapo hapa hapa Unguja, wengine Dar, mmoja Maskati. Mafundi wa aina sita. Na mie katikati, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naongoza wazee ambao nikipishana nao njiani lazima nianze na shikamoo.

Watu wanadhani mradi mkubwa unakuwa mgumu kwa sababu kazi zake ni ngumu. Sijaona. Yule fundi lipu anapiga lipu miaka arobaini, hakuna ninachoweza kumfundisha, seremala vile vile. Kila mmoja ndani ya kazi yake yupo sawa kuliko mie nitakavyokuwa maisha yangu yote. Balaa linakaa pale mmoja anapotoa mkono na mwengine anapotia. Pale kwenye kiungo. Na kwenye kiungo hakuna fundi, hakuna mwenyewe, ndo pahala pa msimamizi, lakini mie miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nakaa kila pahala isipokuwa hapo: namsimamia seremala anavyopiga randa (kwani najua nini mie kuhusu randa), naandika ripoti, naitisha mitingi.

Mitingi yenyewe nilikuwa naulizia "tumefika wapi?" Hebu niambie, umewahi kumuuliza fundi umefika wapi akakwambia sijafika? Wote wanaendelea. Kila mtu asilimia themanini. Na grupu la WhatsApp ndo usiseme, natuma maelekezo marefu narudishiwa dole gumba, na dole gumba lina maana tatu kama tayari: nimeona, nimekubali, nshafanya. Kuna na inshallah, nayo ina daraja zake, ipo inshallah ya mtu keshafunga mkanda na ipo inshallah ya kukuaga kwa heshima, ukiwa mtu wa hapa unazijua kwa sauti lakini kwenye meseji zote zinafanana.

Baada ya ule ukuta nikabadilisha swali. Siku hizi nauliza moja tu, namfuata mtu pale pale anapofanya kazi, simwiti: "Unasubiri nini, na unasubiri kwa nani?" Majibu yake ni mengine kabisa. Seremala aliyekuwa asilimia themanini akaniambia nasubiri mwashi anitolee mawe mawili juu ya dirisha. Nikaenda kwa mwashi, kumbe hajui kama anasubiriwa, yeye anamsubiri seremala alete fremu ndo ajue avunje kiasi gani. Wiki nzima wanasubiriana, ukuta mmoja umewatenganisha, na chai wanakunywa pamoja kila siku saa nne.

La pili, chumba hakiingii mikono ya mtu mwengine mpaka anayetoka na anayeingia wasimame ndani pamoja, wawili wale, anayetoka anagusa kwa mkono alichofanya, anayeingia anasema kwa mdomo wake nimepokea. Dakika tano haziishi. Ni kama unavyompa mtu mtoto mchanga, huachii mpaka umeona kamshika. Fundi lipu alinicheka, "Mwanangu, miaka yote hii sijawahi kukabidhiwa chumba kama nakabidhiwa biharusi." Nikamwambia baba nivumilie tu, mie ndo mjinga, nataka nione kwa macho. Akavumilia. Baada ya kama mwezi nikamsikia anamfokea kijana wa mabomba, "Hujanikabidhi hapa, njoo simama hapa!" na mie nipo chini ngazini nikajibanza nisionekane nacheka.

Lakini hata hilo lina matundu. Seremala wetu kijana, kasoma chuo, kila kitu sentimita. Mwashi mzee, futi na inchi, tepu yake upande wa sentimita ushafutika zamani na hajawahi kuumiss. Wamesimama wote dirishani, wamekabidhiana vizuri, mie nipo, nasikia kwa masikio yangu seremala anasema "niachie tatu kila upande", mwashi anasema nimepokea. Ikaja fremu. Mwashi kaacha inchi tatu, seremala alitaka sentimita tatu. Fremu inacheza ndani ya tundu kama mtoto kavaa kanzu ya babake, ukihesabu kulia na kushoto nafasi iliyozidi inapita sentimita tisa. Na nyote mnajua ukuta wa mawe haurudishwi kama unavyorudisha kofia.

Usiku ule nilijiona mjinga wa mwisho mpaka nikakumbuka kile chombo cha NASA walichokirusha kwenda Mirihi Desemba 1998. Kikasafiri miezi tisa salama, kimefika Septemba 1999 kikapotea, na walipochunguza ikawa timu moja programu yake inatoa nguvu kwa vipimo vya pauni, timu ya pili inasoma kama nyutoni. Wataalamu watupu wale, na makaratasi yao ya kukabidhiana bila shaka yalikuwa na mihuri. Sikufurahia hasara ya watu, ila nililala. Asubuhi nikanunua tepu saba za aina moja Darajani, nikagawa, na ile ya mzee nikamuomba aipumzishe nyumbani, akaniangalia kama namnyang'anya mke.

Sasa kuna mtu mmoja nataka nimtaje, na sijawahi kumuona kwenye kozi yoyote ya usimamizi niliyohudhuria: hamali. Gari haziingii vichochoroni kwetu, mzigo unashushwa barabara kubwa, Creek Road, hapo unapakiwa kwenye gari la mikono unasukumwa, mchanga, mbao, mapaipu, yote, na inabidi iwe alfajiri kabla watoto wa skuli hawajajaza njia na kabla wageni hawajaanza kusimama katikati wanapiga picha mlango. Mkuu wa mahamali wetu alikuwa bwana mmoja mkimya, anasema maneno kumi kwa siku. Siku moja ananishushia mchanga akasema, "Bosi, seremala wako ana mbao za ghorofa ya pili?" Nikamwambia anazo, kaniambia anaendelea. Akajipangusa jasho. "Mie sijapeleka. Nani kampelekea?"

Hapo nikasimama. Seremala alikuwa anaendelea kweli, anapiga msasa vitu vya zamani ili aonekane anafanya kazi, mbao hazijafika bandarini na anaona haya kuniambia kwa sababu yeye ndo aliyeniambia nimuachie aagize mwenyewe. Lakini ona nani aliyejua: mtu anayepita kwenye kila kiungo, anayejua nini kimeingia nyumbani na nini hakijaingia, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Tangu siku hiyo kabla sijafungua laptopu nakaa naye barazani kwa muuza kahawa, vikombe viwili na kashata, dakika kumi, na zile dakika kumi zinanipa picha ya mradi kuliko chati ya Gantt, ile ya ratiba ya mistari, niliyoichora kwa rangi sita. Chati sijaitupa, warithi wanaipenda.

Warithi nao. Yule wa Maskati alitaka nyumba iishe kabla ya Idi el-Fitri ya 2023, aje asherehekee humo na wajukuu. Mwaka ule Ramadhani ilianza mwishoni mwa Machi, maana yake Ramadhani na masika vimekaa kitanda kimoja: mafundi wamefunga, mvua inanyesha, chokaa haikauki. Nikamwambia mjomba haiwezekani. Akasema nakutumia pesa ongeza watu. Nikaogopa kusema hapana mara ya pili, tulikuwa tisa, nikaongeza kumi na wawili, tukawa ishirini na moja.

Wiki mbili zile sizisahau. Kila mpya anataka kuoneshwa, na wa kumuonesha ni fundi yule yule ambaye ningetaka afanye kazi. Mwengine kayamwaga nje maji ya shimo la chokaa tunayoloweka tangu mwezi wa kumi na mbili, kadhani taka. Kaa uhesabu: watu tisa, ukitaka kila mmoja azungumze na kila mwenzake, mazungumzo ni thelathini na sita. Ishirini na moja yanakuwa mia mbili na kumi. Watu wameongezeka mara mbili na ushei, viungo vimeongezeka karibu mara sita. Kuna Mmarekani anaitwa Fred Brooks, alisimamia programu kubwa ya kompyuta za IBM miaka ya 1960, na 1975 akaandika kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiuongeza watu unauchelewesha zaidi. Nilikuwa nalijua hilo jina tangu chuo, nililijibia mtihani kabisa, na bado pesa ya Maskati ilipoingia nikaongeza watu. Na hata watu mia mbili hawaikaushi chokaa, ile inashika kwa hewa, taratibu, hainunuliki.

Ila niseme haki, si pote nilipata hasara. Wale wapya nilipowatoa ndani nikawapeleka kwenye kifusi, kutoa saruji iliyobomolewa na kuibeba mpaka Creek Road, kazi ilikwenda kama moto, siku nne pahala pa wiki mbili. Kubeba kifusi hakumsubiri mtu. Kumbe nisingewakataa wala nisingewachukua wote, ningeangalia tu kazi ipi haina kiungo. Mjomba Idi yake alikula kwa dadake Chukwani, na hakuwa na furaha, na simu zake mbili sikupokea, haya ndo hayo.

Nirudi kwenye ule ukuta wa mwanzo maana kuna kitu nimekiruka. Siku ile kila mtu alikuwa ananiangalia mie nitamfokea nani. Kuna wanaoona kiongozi asipofoka hana ubavu, na kwa mwanamke ndo zaidi, wanakupima. Nikawaita wote uani nikasema kosa ni langu, mie ndo niliyelibeba neno kutoka kwa huyu kumpelekea huyu bila ya kwenda kuangalia. Siku za fundi lipu za kurudia nikalipa. Isidhaniwe nilikuwa na roho nzuri, nilikuwa nimekasirika mpaka naumwa na kichwa. Lakini nilipiga hesabu: nikimuaibisha huyu fundi umeme mbele za watu leo, kesho akiharibu atafukia. Na ndani ya nyumba ya zamani kilichofukiwa ndo kinachoua.

Sisemi kwa kutia chumvi. Sote tuliokuwa hapa tunaikumbuka tarehe 25 Desemba 2020, Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Seyyid Barghash 1883, upande wake mmoja ulivyoporomoka huku ukarabati unaendelea, na watu wakapoteza maisha. Mie nilikuwa Forodhani, mbele yake pale, nusu saa kabla. Tangu hapo sipandi ngazi ya nyumba ya mawe bila ya kuangalia juu.

Kwetu kulikuwa na ufa ngazini, tukaufanya kama inavyofanywa, unapaka kibandiko chembamba cha plasta juu ya ufa, unaandika tarehe kwa penseli, ukuta ukitembea kibandiko kinakatika. Vibandiko vitano. Vilitakiwa viangaliwe kila siku. Jumamosi moja kibarua, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, mgeni mgeni, kaja mpaka nilipo anazunguka zunguka, mara anaokota msumari, mara anauweka. Nikamwambia sema. Akasema, "Dada, kile cha tatu kimekatika." Lini? "Juzi." Kwa nini hukusema juzi? Akainamisha kichwa. "Nilidhani mie ndo nilokigonga na ndoo."

Tukatoa watu wote ngazini, tukasimamisha magogo ya kuegemeza mpaka usiku, akaja mtaalamu Jumapili, ikaonekana boriti moja chini ya ngazi imeoza kichwa chake ndani ya ukuta pasipoonekana. Haikutuangukia. Siku mbili tulipita hapo na ndoo za mchanga mabegani. Na mie nilijisifu kwamba saiti yangu watu hawaogopi, kumbe hawaogopi wale walioniona siku ile uani nimebeba kosa, huyu kijana alikuja mwezi mmoja baadaye, hakuniona, yeye kaja na woga wake wa kazi ya nyuma alikokatwa posho kwa kuvunja koleo. Kwa hiyo mdogo wangu, hilo hulifanyi mara moja ukamaliza. Kila anayeingia mpya humjui katoka kwa msimamizi gani. Sasa mtu mpya siku yake ya kwanza namzungusha mwenyewe kwenye vibandiko, namwambia ukikuta kimekatika, hata kama umekikata wewe kwa ndoo, piga kelele watu washuke, kutwa yako utalipwa nzima. Kijana yule bado yupo na sie, vibandiko sasa anavitunza yeye, kaviwekea namba.

Yapo mengine nilitaka kusema, ya malipo ya Alhamisi na ya kugombanisha mafundi bila ya kujua, lakini seremala kanipigia mara mbili naandika hapa. Mlango wa nyuma unasubiri bawaba, bawaba zipo bandarini tangu jana, na karatasi za kuzitolea ninazo mie kwenye mkoba. Nakwenda.